Mama Alipoinua Mkono Kimwani

Kijiji cha Ujamaa, Kimwani
3 Machi 1974

Kwako kaka yangu Clavery,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimu wewe, wifi yangu Ephrasia na watoto, na zaidi ya wote namwamkia Mama. Ukifika hapa soma polepole ili asikie jina lake: Mama Kokuberwa, mwanao Immakulata anakuamkia. Huku tunapumua. Philbert alishikwa na homa lakini sasa anarudi shambani. Watoto wamezoea maji ya hapa, ila bado wanauliza kwa nini hakuna migomba. Nawaambia itakuwapo, machipukizi tumeshapanda. Nchi hii ni ya nyasi na jua, kaka. Si kama Rubafu ambako ukitema mbegu ya papai mlangoni, mwezi ujao unaikwepa ukitoka.

Nilichokuandikia ni kidogo, usinicheke. Tukimaliza kazi ya shamba la pamoja, kila nyumba ina ruhusa ya kulima bustani yake. Siku tulipohama nilifunga kwenye pindo la kanga mbegu za zile nyanya ndogo za Mama, zile tulizoziita nyanya gololi, zinazozaa kwa vishada nyuma ya jiko. Nimezisia hapa, hazikuota. Nikasia tena. Zilitoka chache, na jua likazichoma kabla hazijatoa jani la pili. Philbert anasema nipande nyanya za kawaida kama wenzangu. Lakini kaka, maharage ya huku bila zile nyanya ni kama kumeza dawa.

Nitumie mbegu nyingine, na Mama aseme ninakosea wapi. Mwambie nimezifukia vizuri, chini kabisa, ili ndege wasizipate.

Ni mimi mdogo wako,
Immakulata

*

Rubafu, Bukoba
21 Aprili 1974

Kwa mdogo wangu Immakulata,

Milele amina. Pasaka tumeila salama. Barua yako ilikaa parokiani hadi ikachakaa bahasha, ndiyo maana umengoja. Watoto wanakwenda shule. Ephrasia hajambo. Mvua ipo na kahawa imechanua vizuri. Msalimie Philbert, umwambie bado tunamkumbuka kwenye kwaya, besi imepwaya tangu aondoke.

Mbegu zimo ndani ya kipande cha gazeti nilichokunja. Ni chache, ndizo zilizopo kwa sasa. Mama alizitoa kwenye kibuyu chake cha majivu.

Nilimsomea barua yako. Ulipoandika kwamba umezifukia chini kabisa, akatikisa kichwa, akasema, "Mtoto huyu amezizika, hakuzipanda." Nilipomwuliza basi nikuandikie nini, akasema mambo ya mbegu hayaandikwi, afadhali aje akuonyeshe kwa mikono yake. Nimeliona ni wazo jema. Nitampandisha basi Bukoba mjini kabla ya Pentekoste. Akae majuma mawili, kisha Philbert amsindikize hadi Muleba apande la kurudi.

Hapa nyumbani hakuna jipya.

Kaka yako,
Clavery

*

Kimwani
9 Juni 1974

Kaka Clavery,

Nakusalimu katika Bwana, pamoja na nyumba yote. Sisi ni wazima. Mtoto mdogo ameota meno ya mbele na anamng'ata kila mtu isipokuwa bibi yake.

Mama alifika. Nianze na kilichonishtua, maana tangu siku ile sijatulia. Tulikwenda kumpokea barabarani, mimi na Philbert. Akateremka yeye. Kisha likateremka jembe lake. Kisha mkeka, kigoda, chungu cha kupikia, kile kibuyu cha majivu, na furushi la nguo. Nililifungua nyumbani, kaka. Kanga zake zote zimo, hadi ile aliyoivaa kwenye msiba wa Baba. Philbert alinitazama nami nikamtazama. Nikauliza, "Mama, haya yote ni ya majuma mawili?" Akajibu kwamba jembe la mtu mwingine linamchubua mkono.

Kuhusu nyanya, nimegundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nazila tu. Mama alitafuta kigae cha chungu kilichopasuka, akakijaza udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi iliyooza, akanyunyiza mbegu juu na kuzifunika kwa udongo mwembamba kama unga unaoubana kwa vidole viwili. Akazungushia majivu ili sisimizi wasizibebe. Kigae akakiweka chini ya mchirizi wa paa, upande wa jua la asubuhi, na mchana akakifunika kwa nyasi. Maji alinyunyiza kwa mkono, kama padri. Zikaota zote. Nilizitazama nikaduwaa, maana ni mbegu zilezile.

Sasa miche imetoa majani yake ya kweli na tumeihamishia bustanini. Aliizamisha karibu nusu ya shina, akisema vinyweleo vile vya shina vikiguswa na udongo vinageuka mizizi. Kila mche una mti wake wa kuegemea, na chini tumetandaza nyasi.

Lakini Mama hasemi sana. Kwenye bustani anasema, akiingia ndani ananyamaza. Nilimwuliza, "Na bustani yako ya nyuma ya jiko, inaendeleaje?" Akasema, "Sina habari nayo." Mtu ambaye hata akienda kisimani alikuwa anatuachia maagizo juu ya nyanya zile.

Majuma mawili yamepita. Nikimtajia basi, anasema tusubiri nyanya zishike mizizi. Kaka, kuna jambo limetokea huko?

Immakulata

*

Rubafu
7 Julai 1974

Immakulata,

Salamu kwenu nyote. Tumefurahi kusikia habari za meno ya mtoto.

Hakuna jambo lililotokea. Wazee hubeba vitu, huwajui? Marehemu Baba alipokwenda kuhiji Rubya alibeba hadi taa ya chumbani. Usitafute maana pasipo na maana.

Kahawa inaendelea. Bwana shamba alituletea miche mipya, nimeipanda yote na imeshika. Anasema kibanja chetu cha migomba na kahawa kitakuwa mfano hapa Rubafu.

Ta Karugendo, baba yetu mdogo, amepita hapa akauliza mke wa kaka yake yuko wapi. Nimemwambia anarudi wiki hii. Jumapili baada ya misa wameniuliza wengine. Nawe unajua watu wa hapa wakiuliza swali huwa tayari wana jibu lao. Kwa hiyo usimsubirishe kwa sababu ya mizizi. Nyanya hukua zenyewe.

Ephrasia anakusalimu. Hana la zaidi.

Clavery

*

Kimwani
1 Septemba 1974

Kaka yangu,

Salamu nitaziandika nyingi siku nyingine. Leo kaa kwanza ndipo usome.

Sikukujibu Julai wala Agosti kwa sababu niliogopa. Mama hajarudi kwa sababu hataki kurudi. Na kuna jambo nililokuficha: tangu Julai kila kengele ya asubuhi ikigongwa alikuwa anachukua jembe lake na kwenda nasi kwenye shamba la pamba la kijiji. Nilimsihi akae na watoto. Akasema watoto wana miguu, watamfuata. Na wakamfuata.

Nyanya zimezaa. Ungeziona, vishada vinaning'inia kama shanga, vingine vyekundu, vingine bado kijani. Majirani wanakuja na mabakuli. Mama hamnyimi mtu, ila kila anayepewa anafundishwa kuchukua mbegu: uchague nyanya iliyoiva hadi imelainika, uikamulie kwenye kikombe, uiache na maji yake mpaka itoe povu na kunuka, usiogope harufu, kisha uoshe, zinazoelea umwage na zinazozama uanike. Wanawake wa hapa sasa wanamwita Mwalimu.

Jumapili iliyopita kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alisema kuna viwanja vimebaki, na kila anayelima shamba la pamoja na hana kiwanja ana haki ya kuomba. Vijana wakainua mikono. Mimi nilikuwa nimekaa chini namnyonyesha mtoto. Nikasikia watu wamenyamaza, nikageuka. Mama alikuwa ameinua mkono.

Mwenyekiti alitabasamu kwa heshima. "Ma Kokuberwa, wewe si mgeni wa Philbert?"

"Mgeni halimi," akasema Mama. "Mimi nalima nanyi."

"Lakini kwenu ni Rubafu. Mna kibanja huko."

"Mwanangu ana kibanja. Mimi nilikuwa naishi humo."

Mwenyekiti alitazama wazee wenzake, wale wakatazama ardhi. Kisha akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Hakuwapo. Karani akafungua kalamu, akauliza, "Niandike jina la nani, mama? La marehemu, au la kijana wako?"

Akasema, "Kokuberwa."

Nilisahau kwamba ninanyonyesha, mtoto ndiye aliyenikumbusha kwa yale meno. Philbert alikaa mdomo wazi mpaka mkutano ukaisha. Sijawahi kusikia kwetu mwanamke akiandikiwa ardhi, mjane, mwenye mtoto wa kiume aliye hai na mwenye akili timamu.

Tulipofika nyumbani nilimwuliza, "Mama, kulitokea nini Rubafu?" Akasema, "Mwulize Clavery."

Basi nakuuliza.

Immakulata

*

Rubafu
15 Septemba 1974

Immakulata,

Barua yako imenikuta mezani. Chakula nimekiacha. Nimeisoma, nikampa Ephrasia aisome, nikamnyang'anya nikaisoma tena, kwa sababu nilidhani macho yananidanganya.

Mjane wa Nathanael, mama wa watu, asimame katikati ya mkutano aombe kiwanja kama mtu asiye na kwao? Nitatoka vipi hapa? Nitakaa benchi gani kanisani? Watasema nimemfukuza mama yangu. Nawe ulimwangalia akichukua jembe kila asubuhi na ukanificha.

Unauliza kulitokea nini. Nilipanda kahawa katika kibanja changu. Hilo tu.

Ninakuja kumchukua.

Clavery

*

Rubafu
20 Oktoba 1974

Mdogo wangu Immakulata,

Nimefika salama. Nakushukuru kwa chakula na kwa kitanda chenu mlichonipisha. Mshukuru Philbert, hakunisema hata neno moja ingawa niliona alikuwa nayo mengi.

Najua ulishangaa kunikuta nimefunga mzigo wangu peke yangu uliporudi kutoka kwenye pamba. Hukuniuliza, nami sikuweza kusema pale. Sasa nakuandikia yaliyotokea mlipotuacha wawili.

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa napanga maneno. Nilipomaliza chai nikamwambia, "Mama, kesho tunaondoka." Akasema, "Njoo kwanza uone." Akanipeleka kwenye kiwanja chake, kule alikohamishia miche ya pili. Akachuma kiganja kizima akanipa, kama alivyokuwa akitupa tukiwa wadogo tukitoka shule. Nikala. Nilikuwa nimesahau utamu ule, na kwa kula nikapoteza maneno yangu ya kwanza.

Kisha akaninyooshea kidole chini ya mti mdogo mpakani. "Hapa ndipo mtanilaza."

Nikamwambia, "Mama, wewe utalala kando ya Baba, ndani ya kibanja. Mtu hazikwi nyikani."

Akasema, "Baba yako ana majirani. Mama yake yuko kulia, dada yake yuko kushoto. Hatakosa wa kuzungumza naye."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekueleza mahali pa kuanika maharage. Nikaona nimwambie wazi. "Kama ni zile nyanya, Mama, nitazipanda tena mimi mwenyewe."

"Si nyanya," akasema. Akakaa kwenye kile kigoda chake. "Siku ile nilitoka kanisani nikakuta umezing'oa zote, nyingine zina maua. Nikakuuliza, Clavery, nani amekuruhusu? Wakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka.

"Ulinijibu, Mama, kibanja ni changu. Mimi sikukasirika, mwanangu. Niliingia jikoni nikakaa, nikalitafuta kosa lako nisilione. Kibanja ni chako kweli. Kwa mila ni chako, kwa ukoo ni chako, baba yako mwenyewe alikupa mbele ya watu. Nimelima pale tangu naletwa nikiwa mwari, migomba ile yote naijua kwa mama zake. Na wewe ulisema kweli tupu. Hicho ndicho kilichonishtua. Ungekuwa umekosea, ningekusamehe nikabaki."

Hata sasa nikiandika ninatafuta jibu la kumpa. Tulikaa pale hadi kivuli kikatuhama, akaniuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Ndipo nikaenda kufunga mzigo.

Nilipofika hapa Ta Karugendo alikuwa ananisubiri barazani. "Yuko wapi?" Nikasema, "Yuko Kimwani. Ana kiwanja." Kiko chake kilizimika mkononi. Akasema ukoo utatuma watu wakamlete, na asipotaka abebwe. Sijawahi kumpinga mzee yule tangu nizaliwe. Nikamwambia kwa unyenyekevu, "Ta, waitu, nakuheshimu. Lakini hataendewa na mtu, na atakayepanda basi aanze kwa kunipita mimi." Ephrasia alikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia ameangusha kitu.

Mwambie Mama kwamba ile miche ya kahawa nyuma ya jiko nimeing'oa. Bwana shamba amenishangaa na kuniita mtoto. Mahali pake pako wazi.

Kaka yako,
Clavery

*

Kimwani
16 Februari 1975

Kaka Clavery,

Nakusalimu wewe, Ephrasia na watoto. Tumepata mvua hatimaye. Philbert ameezeka nyumba ya Mama kwa nyasi, chumba kimoja na jiko, na mlango unafungwa kwa ndani.

Nilimsomea barua yako ya Oktoba. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Ile miche ya kahawa ilikuwa na kosa gani?" Akasema uipande tena, mti hauadhibiwi. Sikukuandikia upesi kwa kuwa sikujua ungelipokea vipi neno hilo. Zaidi ya hapo yametokea mengine.

Mwezi uliopita walikuja wapimaji kutoka wilayani. Sasa nyumba zote za kijiji zinapangwa kwa mistari, na barabara inapita katikati. Nilikuwa nachota maji nikasikia watoto wanakimbia wakiniita. Nikakuta kigingi kimekitwa katikati ya bustani ya Mama, na kamba imepita juu ya vishada vya nyanya mbivu. Niliweka ndoo chini nikajishika kichwa. Nikajisemea, basi, hata huku. Amekimbia jembe la mwanawe, limemfuata la serikali.

Mama alikuwa amesimama anakitazama kile kigingi. Hakukigusa. Nilitaka kuking'oa mimi, akanishika mkono.

Mwenyekiti akaja anatokwa jasho. Alimwamkia kwanza. Akasema, "Ma Kokuberwa, barabara imeangukia hapa. Kuna kiwanja kingine karibu na kisima, udongo wake ni mweusi. Sisi wa kamati tumekuja kusikia wewe wasemaje."

Mama akageuka kutoka kwenye kigingi. "Unaniuliza?"

"Nakuuliza. Ukikataa nitaongea na hawa mabwana, labda mstari unaweza kupinda."

"Basi nitahama," akasema Mama.

Kaka, nilishtuka kuliko nilipokiona kigingi. Nilikuwa najiandaa kwa ugomvi, kumbe yeye ameshaanza kukunja kanga kiunoni. Jua lilipopoa wanawake wakaja, wale aliowafundisha. Kila mche wakauchimbua na bonge lake la udongo, wakauzungushia ganda la migomba yetu iliyokwisha kua na kuubeba kichwani. Mstari wa watu ulitoka bustanini hadi kisimani, wamebeba miti ya nyanya yenye matunda, na matunda mengine yakidondoka watoto wanayaokota na kuyala. Iliyokufa ni michache. Iliyobaki imelegea siku mbili tatu, kisha ikasimama, na ile nyumba niliyokuambia iko huko huko.

Nilimwuliza, "Mama, mbona hapa umehama bila neno na kwa Clavery uliondoka na chungu?" Akasema, "Hapa wameniuliza." Akaendelea kumwagilia.

Philbert anasema tusijivune. Tunasikia kuna vijiji ambako watu hawakuulizwa kitu, walirudi kutoka shambani wakakuta paa limeshushwa. Sisi tumejaliwa mwenyekiti anayeona haya. Mama alimsikia, akasema ndiyo maana anakwenda kila mkutano na kukaa mbele.

Anasema atakuja kuwatazama, kahawa ikishavunwa na pamba ikishachumwa. Usimsukume.

Mdogo wako,
Immakulata

*

Rubafu
11 Januari 1976

Kwa mdogo wangu Immakulata, na Philbert, na watoto,

Amani ya Noeli iwe nanyi. Sisi tumeupokea mwaka tukiwa wazima. Najua Mama ameshafika na amekuhadithia, lakini kuna ambayo hawezi kukuhadithia kwa sababu kwake hayakuwa kitu.

Alifika mkesha wa Noeli. Mlango ulikuwa wazi, watoto wamejaa barazani, nami nilikuwa ndani natengeneza taa. Nikasikia sauti nje inasema, "Hodi." Nikaitika, "Karibu," bila kuinua kichwa. Kisha nikaitambua sauti. Nilitoka nimeshika chemni ya taa, nikamkuta amesimama nje ya kizingiti na kikapu chake, anangoja akaribishwe. Mlango ule ule aliokuwa akiupita na kuni kichwani bila kumwomba mtu. Ephrasia alikuja akamwona, akarudi jikoni kulia. Kisha akafanya lililo sahihi, kuliko nilivyoweza mimi: akatandika nyasi mpya na mkeka, akamkalisha, na akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo, kama anavyoletewa mgeni wa heshima. Mama akachukua punje, akashukuru. Nilikuwa nimesimama natazama, sijui niweke wapi chemni.

Aliniletea habari zenu zote. Alikwenda kaburini kwa Baba, akapalilia pembeni, akakaa naye kitambo. Ta Karugendo alikuja amevaa kanzu na koti, amejiandaa kwa maneno makubwa. Mama akamwekea bakuli la nyanya. Mzee akala moja ili kumstahi, akaendelea, na alipokumbuka alichokuja kusema bakuli lilikuwa tupu. Aliishia kuuliza kama mvua ya huko inatosha.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi Bukoba mjini. Stendi palikuwa na watu wengi wanaorudi baada ya sikukuu. Nilimpatia kiti cha dirishani. Mimi nilibaki nje nimeshika kikapu chake, Ephrasia alikuwa amekijaza ndizi, nangoja nimpitishie. Pembeni yake alikaa mama mmoja wa Kashai, mwenye baibui, mchangamfu, akamwamkia akamwuliza anakwenda wapi.

"Kimwani," Mama akasema.

"Kumbe mbali. Unakwenda kwa mtoto?"

"Hapana," akasema. "Nakwenda kwangu."

Immakulata, alilisema bila kulikazia, huku anatafuta mahali pa kuweka miguu. Mimi ndiye niliyelisikia. Akiwa msichana alisema anakwenda kwa baba yake. Alipoolewa akasema kwa Nathanael. Baba alipokufa alisema kwa Clavery, na mimi nilikuwa naona hiyo ni sifa yangu. Nimeishi na mama yangu miaka yote hii na sikujua kwamba kuna neno hajawahi kulitamka.

Basi likaanza kuondoka. Watu wakawa wananipigia kelele, sikujua kwa nini. Ilibidi konda aruke chini na kukipokonya kile kikapu mikononi mwangu, akakimbia nacho.

Nadhani kilimfikia.

Kaka yako,
Clavery